Mpeleka barua wa Maywood: fundi, askari, na watu wa nyuma ya milango

SEHEMU YA 1: Kwa nini leo historia

Wiki hii tunaweka pembeni uji wa lishe na ratiba ya chanjo. Nimepata meseji kadhaa zinazofanana kutoka kwa wadada ambao waume au kaka zao walikuwa kwenye kazi ya jeshi nje ya nchi. Karudi salama, mzima wa mwili, ila "siyo yule." Halali. Mlango ukigongwa anaruka. Watoto wamejifunza kutembea kwa vidole baba akiwa sebuleni.

Nilitaka kuwajibu kinesi, yaani dalili hizi, tiba hizi. Kisha nikaona bora niwape kwanza kisa cha mtu mmoja, maana kisa kinakaa kichwani kuliko orodha. Ni kisa cha kweli cha kijana wa mji mdogo Marekani ambaye alikuwa mpeleka barua, akaitwa jeshini, akawa fundi magari huko, akarudi tena kupeleka barua. Anaitwa John Prine. Wengine wanamjua kama mwanamuziki, na kweli aliishia huko. Mimi leo nakupeleka zaidi kwenye ile miaka aliyokuwa anatembea na mfuko wa barua begani, kwa sababu ndiyo iliyomfundisha kitu tunachokihitaji majumbani mwetu.

Chukua chai, mlaze mtoto, tuanze.

SEHEMU YA 2: Mtoto wa fundi

John alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 Maywood, mji mdogo magharibi mwa Chicago, jimbo la Illinois. Baba yake William alikuwa fundi kiwandani, wale wanaotengeneza vifaa vya kutengenezea vifaa vingine, na alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Wazazi wote wawili asili yao ilikuwa Kentucky, wilaya ya Muhlenberg, kwenye makaa ya mawe. Walikwenda mjini kutafuta kazi kama wetu wanavyotoka Singida au Mtwara kwenda Dar, na kama sisi, kila likizo walirudi kijijini na watoto.

Akiwa na miaka 14, kaka yake mkubwa Dave akamfundisha kupiga gitaa. Shuleni hakuwa wa kusifiwa. Alipata kazi ya kupeleka magazeti, na moja ya sehemu alizopeleka ilikuwa nyumba ya kutunzia wazee. Sikiliza hapa, mama. Ukubwani alisimulia kwamba baadhi ya wale wazee walikuwa wanamtambulisha kwa wenzao kana kwamba ni mjukuu au mpwa wao aliyekuja kuwatembelea. Kijana wa magazeti tu! Walihitaji mwenzao wa chumba cha pili aone kwamba na wao wana mtu.

Mtoto huyu hakucheka. Alilibeba lile jambo kwa miaka mingi, na utaona lilikotokea.

Alipomaliza shule mwaka 1964 akaingia posta. Kwetu Tanzania barua inakusubiri kwenye sanduku, S.L.P. namba fulani, unaifuata mwenyewe. Kwao mtu wa posta anakuja hadi mlangoni kwako, Jumatatu mpaka Jumamosi, mvua au theluji. Anajua nani kapata barua ya benki, nani anasubiri ya mwanaye aliye vitani, nani hapati barua kabisa. Hakuingii ndani, lakini anaijua nyumba.

SEHEMU YA 3: Jeshi na spana

Sasa tufike kwenye vita. Miaka ile Marekani ilikuwa inapigana Vietnam, na vijana wa kiume walikuwa wanaitwa jeshini kwa lazima. Barua ya serikali inaletwa nyumbani, unatakiwa kuripoti. Ebu fikiria kazi ya mpeleka barua kipindi hicho: baadhi ya bahasha ulizobeba zilikuwa za kuwaita vijana wa mtaa wako mwenyewe.

Mwaka 1966 ikawa zamu yake. Wengi wa rika lake walipelekwa Vietnam. Yeye akapelekwa Ujerumani Magharibi, kwenye gereji ya jeshi, kutengeneza magari. Kwa hiyo vita yake ilikuwa ya spana na oili. Aliporudi Maywood alikuwa mzima, akachukua tena mfuko wake wa barua.

Rafiki zake waliotoka Vietnam hawakurudi hivyo. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikufa kwenye vita ile, na Wavietinamu waliokufa ni wengi mno kuliko hao, raia na askari. Waliorudi hai, wengi walirudi na kitu ambacho hakikuwa na jina. Hakukuwa na ngoma ya kuwapokea. Wengine walitukanwa, wengine walinyamaziwa tu, ambako pengine kunauma zaidi.

John aliwaona kwa jicho la mtu ambaye angeweza kuwa wao. Tofauti kati yake na wao ilikuwa karatasi tu: huyu Ujerumani, yule Vietnam. Nadhani ndiyo maana hakuwahukumu.

Na usidhani posta ilikuwa maisha ya raha. Mwaka 1970 mfanyakazi mpya wa posta Marekani alianza na dola 6,176 kwa mwaka, na ilimchukua miaka 21 kufika kiwango cha juu cha dola 8,442. Kwenye miji mikubwa kuna familia za watu wa posta zilizokuwa na sifa za kupokea msaada wa serikali wa maskini, huku baba anaamka alfajiri kila siku kwenda kazini. Machi 1970 wakagoma. Ilianzia New York, ikasambaa mpaka Chicago na kwingine, wafanyakazi zaidi ya 200,000. Rais Nixon akatuma askari wakachambue barua New York. Mgomo ulichukua siku kama nane, na mwaka huohuo sheria ya posta ikabadilishwa na mishahara ikapanda. Nimeliweka hili hapa ili ujue kwamba mtu huyu alikuwa anahesabu senti kama wewe unavyohesabu hela ya pampasi.

SEHEMU YA 4: Nyimbo za njiani

Kutembea njia ileile kila siku kunachosha. Miguu inajua yenyewe pa kwenda, kichwa kinabaki bure. John akaanza kutunga nyimbo kichwani akiwa anagawa barua. Kulikuwa na masanduku makubwa ya posta barabarani ambamo mizigo ya barua iliachwa ichukuliwe na mgawaji. Upepo wa Chicago wakati wa baridi siyo wa mchezo, na mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa anajificha humo kula chakula chake cha mchana na kutunga. Mwanaume mzima, kajikunyata ndani ya sanduku la posta na mkate mkononi!

Humo zikatoka nyimbo mbili ninazotaka uzijue.

Wa kwanza unaitwa "Hello in There." Ni kuhusu wazee ambao watoto wameshakua, wametawanyika, nyumba imebaki kimya. Umeshatambua ulikotoka: ile nyumba ya wazee, wale waliomwita mjukuu. Kijana wa miaka ishirini na kitu akaandika upweke wa uzeeni kana kwamba ameuishi.

Wa pili unaitwa "Sam Stone." Ni kuhusu baba anayerudi kutoka vitani na jeraha, na dawa ya maumivu aliyopewa inamgeuza mtumwa. Hela ya nyumbani inaishia kwenye dawa za kulevya, watoto wanaona kila kitu, na mwisho wake ni kifo. Huyo Sam Stone hakuwa mtu mmoja halisi. Ni wengi waliokusanywa kuwa mmoja. Kinachonigusa kama nesi ni kwamba John aliutunga kabla hospitali hazijaweka jina kwenye ule ugonjwa. Ugonjwa wa kiwewe baada ya tukio la kutisha uliingizwa rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mpeleka barua alikuwa ameshauona zaidi ya miaka 10 nyuma, kwa kutazama tu watu aliokua nao.

Mwaka 1969 alikuwa amekaa kwenye kibaa kimoja Chicago, Fifth Peg, usiku ambao mtu yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Akawaponda waimbaji. Watu wakamwambia, basi panda wewe. Akapanda. Alipomaliza ukumbi ukawa kimya, akadhani ameharibu. Kumbe watu walikuwa wameishiwa nguvu. Wakapiga makofi, na mwenye baa akampa kazi.

Oktoba 1970 mwandishi wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, Roger Ebert, alitoka kwenye sinema akiwa na kiu, akaingia palepale kutafuta bia. Siku chache baadaye gazeti likatoka na habari ya mpeleka barua anayeimba. Mwaka 1971 rafiki yake Steve Goodman, mwanamuziki kijana aliyekuwa anaishi na saratani ya damu, akamleta Kris Kristofferson usiku wa manane amsikilize. Baada ya muda mfupi John akapewa mkataba wa kurekodi wa dola 25,000. Mfuko wa barua akauweka chini.

Baba yake aliwahi kusikia kanda ya santuri ile. Humo kulikuwa na wimbo "Paradise," kuhusu kijiji cha Kentucky walichokuwa wanakwenda likizo, ambacho kilimalizwa na uchimbaji wa makaa ya mawe. John alisimulia kwamba wimbo ule ulipofika, mzee alitoka akaenda kukaa chumba cha pili gizani ili ausikie kwa mbali, kama unavyosikia wimbo kwenye baa. Alifariki kabla santuri haijatoka madukani.

Wababa wa kizazi kile ndivyo walivyo, hata wa kwetu. Hawezi kukwambia "mwanangu, umenigusa." Anahama chumba. Ukimjua, unamwelewa.

SEHEMU YA 5: Kinesi sasa

Turudi kwa baba anayeruka mlango ukigongwa.

Watu wengi bado wanaamini mambo mawili. La kwanza, kwamba hiyo ni tabia mbaya au pepo. La pili, kwamba akishaingia kwenye unga au pombe ndiyo basi tena. Historia ya wale askari inayapinga yote mawili.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kugundua jinsi askari wake wengi walivyokuwa wanatumia heroini Vietnam. Mtafiti mwanamke, Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, akapewa kazi ya kuwafuatilia waliorudi. Alikuta kama mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa tegemezi akiwa kule. Watu wakangoja janga. Lakini kati ya hao waliokuwa tegemezi, ni kama asilimia 5 tu waliorudi kwenye utegemezi ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Wengi walishangaa, wengine walikataa kuamini. Maana yake nini? Mazingira yana nguvu sana. Mtu akitoka mahali penye hofu, uchovu na dawa kila kona, akarudi penye watu na kazi, mwili na akili vinaweza kupata njia.

Naomba nisieleweke vibaya. Siyo kwamba upendo peke yake unatibu. Arosto ni mateso ya kweli, na wapo wanaohitaji dawa kwa muda mrefu. Hapa nchini huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na sasa ipo mikoa kadhaa. Mpeleke mtu. Ila mtu akitoka kliniki anarudi kwako, na nyumba anayorudia ni sehemu ya matibabu.

Hata sisi tuna askari waliotoka kulinda amani Darfur na Kongo. Desemba 2017 Tanzania ilizika vijana wake waliouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Walikuwa na wenzao waliokuwa palepale wakarudi hai. Hao wana wake, wana watoto wanaosoma na wako.

Kwa hiyo angalia haya: ndoto za kutisha zinazojirudia, kushtuka ovyo, hasira zinazolipuka bila sababu inayoonekana, kukwepa watu au habari fulani, kunywa ili alale. Yakizidi mwezi mmoja, hiyo ni shughuli ya hospitali, nenda naye kama ambavyo ungekwenda na presha. Akizungumzia kufa au kujidhuru, usisubiri hata kesho, na silaha au sumu vitolewe mahali anapofikia. Na akianza kukupiga wewe au watoto, ugonjwa wake haukulazimishi kubaki. Jiokoe kwanza na watoto, matibabu yake yataendelea wewe ukiwa salama.

Na watoto? Waambie ukweli unaolingana na umri. "Baba aliona mambo mabaya kazini, anaumwa, siyo kosa lako." Hilo la mwisho lirudie. Mtoto asipopewa maelezo anajitungia mwenyewe, na mara nyingi anajiweka yeye kuwa sababu.

SEHEMU YA 6: Sauti iliyobaki

Namalizia maisha yake, maana yana somo jingine la wodini.

John alivuta sigara miaka mingi. Mwanzoni mwa 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani shingoni, kisha mionzi. Kwa mtu anayeishi kwa kuimba, shingo ndiyo shamba. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kukwaruza. Wakati huo alikuwa ameshaoa Fiona na wana watoto wadogo. Ilimchukua zaidi ya mwaka kurudi jukwaani. Akashusha nyimbo zake zifuate sauti mpya, na watu wakampenda hivyohivyo. Roger Ebert, yule aliyeandika habari zake gazetini, mwaka 2006 saratani ilimnyang'anya kuongea kabisa, akaendelea kuandika mpaka alipofariki 2013.

Mwaka huohuo wa 2013 John alitolewa saratani kwenye pafu la kushoto. Mtaalamu wa mazoezi akampa zoezi la ajabu: panda na kushuka ngazi za nyumba mbio, kisha ukiwa bado unahema shika gitaa uimbe nyimbo mbili. Baada ya miezi kama sita alikuwa safarini tena. Mimi zoezi hili nalipenda sana, maana limeshonwa kwa mwili wa mgonjwa mmoja na kitu anachokipenda. Ukiwa na mgonjwa nyumbani anayetakiwa kufanya mazoezi, tafuta kitu chake. Bibi akipenda bustani, mazoezi yawe bustanini.

(Na kwa akina baba: uvimbe shingoni au sauti kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, usinywe tangawizi ukangoja. Nenda ukaonwe.)

Mwaka 2018, akiwa na miaka 71, alitoa santuri iliyofika namba 5 kwenye chati ya Marekani, juu kuliko zake zote za ujanani. Machi 2020 alilazwa Nashville na Covid-19, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na tarehe 7 Aprili akafariki. Alikuwa na miaka 73. Tuliokuwa wodini kipindi kile tunakumbuka ndugu walivyozuiwa getini na sisi tukawa ndio mikono iliyobaki.

Sasa nikiulizwa huyu mtu alikuwa na kipaji gani, nitasema kabla ya gitaa alikuwa na tabia ya kuona. Watu wengi walipita kwenye ile nyumba ya wazee. Wengi walikua na vijana waliorudi wameharibika. Yeye aliona, akakaa nacho, akakitafutia maneno bila kumdhihaki mtu. Hiyo haihitaji jukwaa. Mama unaweza kuifanya na mumeo anayekaa kimya, na baba mkwe anayerudia hadithi ileile, na mtoto aliyeanza kutembea kwa vidole.

Kazi ya leo ni ndogo. Kama kuna mzee kwenye ukoo wenu aliyewahi kuwa askari, Kagera au popote, au aliyefanya kazi posta, reli, gereji, mpigie kesho. Usimuulize "uliua?" wala "vita ilikuwaje?" Muulize alikuwa anakula nini, nani alikuwa rafiki yake, barua za nyumbani zilimfikaje. Akinyamaza, nyamaza naye. Akiongea, mwache mtoto asikie.

Wale walioniandikia, nimewasoma wote, nitawajibu mmoja mmoja. Jumatatu tunarudi kwenye homa za watoto. Usiku mwema.